Kengele ya Kwanza Si ya Kula

Mkewe: Haloo! Nani mwenzangu? Sema upesi, nimepokea kwa kiwiko.

Kinyozi: Mimi.

Mkewe: Mimi wako wengi.

Kinyozi: Mimi mumeo.

Mkewe: Mbona unanong'ona? Na mbona sauti inatoka kama umo ndani ya pipa?

Kinyozi: Niko bafuni kwa dada yako. Nimekalia ndoo. [mtandao unakwaruza] Hujambo lakini?

Mkewe: Sijambo. Hapo wote hawajambo?

Kinyozi: Wote hawajambo isipokuwa mimi.

Mkewe: Ngoja nibane simu begani. Nina mfuko wa krimu mkononi, naandika keki ya mzee anayestaafu, na mwenyewe yupo hapa kaunta ananikodolea macho. Haya. Nimeshafika "Hongera kwa". Sema.

Kinyozi: Mke wangu, sukari imeshuka.

Mkewe: [anacheka] Aa!

Kinyozi: Unacheka?

Mkewe: Endelea, endelea. Imeshuka, na dawa yake ni soda. Tena ya baridi.

Kinyozi: Soda, juisi, sukari yenyewe kijikoni, chochote. Waambie wanipe.

Mkewe: Kwenye kikao cha wazazi ilishuka, ukanywa soda mbili na ya mwalimu ukaimalizia. Kwa jirani ilishuka, ukala keki ya mtoto wa watu mpaka mshumaa ukabaki peke yake kwenye sahani. Sukari yako ina macho, baba. Ikiona keki tu, inashuka kuisalimia.

Kinyozi: Zile zilikuwa za uongo. Hii ya kweli.

Mkewe: Hata zile ulisema za kweli.

Kinyozi: Nilisema, lakini moyoni nilijua. Hii hata mimi mwenyewe nimeshangaa.

Mkewe: Itashukaje? Si ulijichoma sindano, ukala?

Kinyozi: Nilijichoma.

Mkewe: Ukala?

Kinyozi: Hapo ndipo pa—

Mkewe: Hukula! Daktari kasema nini? Jichome chakula kikiwa mbele yako, unakiona, kinakuona—

Kinyozi: Kengele ililia!

Mkewe: Kengele gani tena?

Kinyozi: Dada yako ana kengele ya shaba, ile ya shuleni. Kaipiga pale sebuleni, watu wote wakainuka kwa pamoja, mpaka kikongwe aliyekuwa amelala. Nikasema, chakula hicho. Nikageukia ukutani, shati juu, sindano tumboni. Nikaenda uani nimeshakunja mikono ya shati.

Mkewe: Ukakuta nini?

Kinyozi: Nikakuta watu wazima wamejipanga mstari wanakaguliwa kucha.

Mkewe: Mama yangu!

Kinyozi: Kengele ya kwanza si ya kula! Ya kwanza ni ya kunawa na kucha. Ya pili ni ya kuingia bwaloni. Meza yake ya viti sita anaiita bwalo! Ya tatu ndiyo ya kula. Na ya tatu haipigwi mpaka idadi itimie, na idadi haitimii kwa sababu mjomba wenu hajafika.

Mkewe: Kapiga simu?

Kinyozi: Kasema yuko njiani.

Mkewe: Basi bado anatafuta soksi.

Kinyozi: Chakula nakinusa kutoka hapa. Kimefunikwa. Kuna mtu amewekwa kukilinda.

Mkewe: Sasa wewe unahangaika nini? Mkobani mna kile kimfuko chekundu. Nimekuwekea biskuti, glukosi na kipimo. Nimefunga zipu kwa mkono wangu huu.

Kinyozi: Mkoba umekaguliwa mlangoni.

Mkewe: Umekaguliwa na nani?

Kinyozi: Kwani kuna mwingine? Kasimama pale kama siku ya kufungua shule, kaweka meza mbele yake, akamwaga kila kitu. Biskuti: marufuku. Glukosi kaisoma pakiti mbele na nyuma, akanitazama akasema, "Shemeji, hata haya huna." Sindano ndiyo kanirudishia. Mkoba na kipimo vimefungiwa kabatini mpaka nitakapoaga.

Mkewe: Msamehe. Amekuwa matroni wa bweni la wavulana tangu mimi sijaolewa. Mkono umezoea.

Kinyozi: Mimi nina mvi!

Mkewe: Umemweleza vizuri lakini? Kwa adabu?

Kinyozi: Nimemweleza kwa adabu zote za ukweni. Kacheka kama wewe. Halafu kasema, "Nilionywa." Sasa nakuuliza, alionywa na nani?

Mkewe: [mtandao unakwaruza] Haloo? Sikusikii vizuri.

Kinyozi: Nauliza alionywa na—

Mkewe: Unakatika, unakatika. Sukari yao haipo jikoni?

Kinyozi: Nyumba nzima haina sukari. Wamekubaliana leo hakuna anayeonja kitamu, kwa ajili yangu, ili nisijisikie mpweke. Bakuli la sukari limehamishiwa kwa jirani. Sasa wanatoka mmoja mmoja, "naenda kuangalia gari", na wanarudi wanaramba midomo. Hilo gari lenyewe halipo! Wamekuja wote kwa miguu!

Mkewe: [anacheka] Jamani.

Kinyozi: Nimeramba dawa ya meno.

Mkewe: Umefanya nini?

Kinyozi: Dawa ya meno ya watoto, ina picha ya twiga. Nimeisoma baadaye. Imeandikwa "haina sukari".

Mkewe: Wewe mwanamume utaniua kwa kicheko, na hapa "ku" ya "kustaafu" imenipinda. Sikiliza. Toka bafuni, kaa na wenzako, mjomba atafika.

Kinyozi: Sawa.

Mkewe: Na usimkere dada.

Kinyozi: Sawa.

Mkewe: Na kesho tunakwenda kumsalimia tena, siku nzima.

Kinyozi: Sawa.

Mkewe: Umesema sawa?

Kinyozi: Sawa.

Mkewe: Mara tatu? Wewe? Hujanibishia hata— Hebu niambie, nani anapika vizuri, mimi au mama yako?

Kinyozi: Ndiyo.

Mkewe: Nimeuliza nani.

Kinyozi: Nani... Subiri. Hii ndoo inazunguka.

Mkewe: Baba. Leo siku gani?

Kinyozi: Ya kunawa.

Mkewe: [kitu kinaanguka] Mungu wangu. Baba, nisikilize. Unatetemeka?

Kinyozi: Mikono. Leo hata ndevu za mbuzi nisingemnyoa. Ningemtoa sikio.

Mkewe: Jasho?

Kinyozi: Shati limenishika mgongoni. Nasikia kitu kinagonga, du, du, du. Nadhani moyo.

Mkewe: Huo ni mlango! Namsikia dada kutoka huku! Fungua mlango umpe simu!

Kinyozi: Mlango upi?

Mkewe: Huo unaogongwa! Mume wangu, tafadhali. Komeo liko juu. Inua mkono. Umeinua?

Kinyozi: Nimeinua. Umerudi chini wenyewe.

Mkewe: Inua tena. Kwa mikono miwili. Usinizimikie. [kishindo] Umefungua? Baba? Sema kitu!

Kinyozi: Shemeji, shika. Ni... ni yule mama anayekaa kwangu.

Matroni: Haloo. Nani anaongea?

Mkewe: Mimi, dada! Mpe mume wangu kitu cha sukari sasa hivi! Imeshuka kweli!

Matroni: Samahani. Wewe nani?

Mkewe: Mdogo wako!

Matroni: Mdogo wangu nimeongea naye asubuhi. Kaniambia kwa kinywa chake: atasema imeshuka, atatetemeka, atajifanya haelewi, usimpe hata punje. Nami nilimpa neno langu.

Mkewe: Ndiyo, nilisema mimi! Sasa nalifuta!

Matroni: Agizo la mzazi halifutwi kwa simu.

Mkewe: Mimi si mzazi, mimi ni mke!

Matroni: Hata sauti yenyewe haifanani.

Mkewe: Mtandao unakwaruza! Na nimebana simu begani!

Matroni: Ndivyo wanavyosema wote. Muhula uliopita kanipigia simu baba mmoja, sauti nzito, anakohoa kila neno la tatu. Anaomba mwanawe aruhusiwe, bibi amefariki. Nikatoka ofisini taratibu. Nikamkuta huyo baba nyuma ya jiko, amevaa kaptula, blanketi mdomoni. Na bibi huyo kwangu amefariki muhula mmoja mara nne.

Mkewe: Dada, simu yenyewe imeandika nini hapo? Si imeandika "Mke wangu"?

Matroni: Imeandika "Serikali".

Mkewe: Nitamuuliza akipona. Dada, uliza swali. Uliza jambo ambalo tunalijua mimi na wewe tu.

Matroni: Haya. Tulilala kitanda kimoja tukiwa wadogo. Nani alilala upande wa ukutani?

Mkewe: Mimi!

Matroni: Hilo mtu anabahatisha. Ni moja kati ya mawili.

Mkewe: Basi uliza jingine! Haraka!

Matroni: Usinikimbize. Haraka ndiyo dalili ya kwanza ya udanganyifu.

Mkewe: Mwangalie! Anafanya nini sasa?

Matroni: Amekaa sakafuni, ameegemea mlango. Anaitabasamia taulo. Anaigiza vizuri, namsifu. Lakini mimi nimeona wavulana wakipasha kwapa kwa chai ili wapimwe homa.

Mkewe: Mshike mkono.

Matroni: Hapana, shemeji yangu, heshima—

Mkewe: Mshike mkono, dada!

Matroni: Haya, nimemshika. Umelowa.

Mkewe: Bafu lina maji?

Matroni: Bafu kavu. Nililipiga deki mwenyewe. Mkono wa baridi huu.

Mkewe: Dada, nilikosea kukupa lile agizo. Nilidhani najua kila hila yake. Nimecheka naye hapa, naandika keki, nimecheka, na yeye— [kwikwi] —na yeye ananiambia—

Matroni: Rudia hiyo.

Mkewe: Nini?

Matroni: Hiyo ya sasa hivi.

Mkewe: Ananiam— [kwikwi] —dada, naomba— [kwikwi]

Matroni: Ni wewe! Hakuna mtoto mwingine aliyeanza na kwikwi kabla ya machozi! Nililala na hizo kwikwi mgongoni miaka mingapi! Wee, nyie huko! Mkimbilieni jirani, leteni sukari! Bakuli zima!

Mkewe: Jirani ni mbali! Biskuti zake! Glukosi! Fungua kabati!

Matroni: Glukosi imo kwenye mkoba. Ufunguo wa kabati anao mjomba.

Mkewe: Mjomba yupi?

Matroni: Huyu aliye njiani. Nilimwachia jana, kufuli lajifunga bila ufunguo, ili usiibiwe na yeyote wa ndani.

Mkewe: Na biskuti nazo kabatini?

Matroni: Biskuti hazimo kabatini.

Mkewe: Ziko wapi?

Matroni: Nilizihifadhi.

Mkewe: Wapi, dada?

Matroni: Nilikuwa sijanywa chai, mdogo wangu.

Mkewe: Umezila!

Matroni: Ngoja, ngoja! Chini ya kitanda changu! Sanduku!

Mkewe: Lina nini?

Matroni: Nilivyowanyang'anya wavulana. Siwezi kuvitupa, ni mali ya watu. Nyie! Mburuteni mtu huyu alale ubavu, asilale chali! Nakuja! [vishindo, bati linagonga] Nimelifungua. Kuna jamu. Kuna bonge la pipi zimeshikana, limekuwa jiwe. Kuna juisi ya boksi, lakini ina jina la mwenyewe juu.

Mkewe: Mpe!

Matroni: Mwenyewe yuko kidato cha pili, hajamaliza adhabu.

Mkewe: Dadaaa!

Matroni: Nampa, nampa! [vishindo] Nimerudi bafuni.

Mkewe: Kwanza muulize swali, uone kama anajibu. Asimiminiwe kama hawezi kumeza.

Matroni: Shemeji! Unanisikia? Mimi nani?

Mkewe: Kasema nini?

Matroni: Kasema mimi ni kizuizi cha barabarani.

Mkewe: Anakusikia. Mkalishe. Mshikie boksi mdomoni, anyonye mwenyewe, kidogo kidogo. Anakunywa?

Matroni: Anakunywa. Ametema mrija. Ameurudia. Taratibu, shemeji, taratibu, hakuna anayekunyang'anya tena. Amemaliza. Anaminya boksi.

Mkewe: Mpe na jamu kijiko kimoja. Kisha mkae hapohapo. Na chakula kifunuliwe sasa hivi, kiletwe hapo.

Matroni: Bafuni?

Mkewe: Bafuni!

Matroni: Bila idadi kutimia?

Mkewe: Dada.

Matroni: Kinaletwa. [sauti kwa mbali] Leteni sahani ya shemeji! Ndiyo, huku! Msiniulize, leteni! Mdogo wangu, bado upo?

Mkewe: Nipo.

Matroni: Unaongea na nani?

Mkewe: Huyu mzee mwenye keki ananiuliza kama kuna tatizo. Namwambia lipo. Hapa kwenye keki yake nimeandika "Hongera kwa kumeza".

Matroni: Mwambie ni ya bure.

Mkewe: Nimemwambia. Anasema ataichukua hivyohivyo, amemeza vidonge kazini miaka yote. [anavuta pumzi] Dada, rangi yake ikoje?

Matroni: Ya uso inarudi. Ametazama kucha zangu.

Mkewe: Akasema?

Matroni: Kasema zangu ndefu kuliko zake. Huyo amepona. Mchukue.

Kinyozi: Haloo.

Mkewe: Baba!

Kinyozi: Mbona unapiga kelele? Nimekaa bafuni, nina sahani miguuni, kuna watu saba mlangoni wananitazama natafuna. Mmoja ananipepea kwa mfuniko wa sufuria.

Mkewe: Leo siku gani?

Kinyozi: Jumapili.

Mkewe: Nani anapika vizuri, mimi au mama yako?

Kinyozi: Mama.

Mkewe: [analia na kucheka] Asante Mungu.

Kinyozi: Hii sasa ni mara ya kwanza unashukuru kwa jibu hilo.

Mkewe: Kula. Usiseme, kula. Mkoba ukipatikana jipime kabla ya jambo lolote. Na usitembee peke yako kurudi, wakusindikize.

Kinyozi: Watanisindikiza kwa gari lile la kuangaliwa.

Mkewe: Kula.

Kinyozi: Nakula. Mama watoto.

Mkewe: Naam.

Kinyozi: Aliyemwonya dada yako ni wewe.

Mkewe: [mtandao unakwaruza]

Kinyozi: Sasa hivi unasikia vizuri au unakatika?

Mkewe: Nasikia.

Kinyozi: Ulimwambia hata nikitetemeka.

Mkewe: Nilimwambia. Nilihesabu kila unachofanya, nikamtajia kimoja kimoja. Halafu ukavifanya vyote.

Kinyozi: Kazi nzuri. Hukusahau hata kimoja.

Mkewe: Usinitanie. Uliniambia ni ya kweli nami nikaendelea kuandika keki. Sikukuamini.

Kinyozi: Hata mimi nisingeniamini. Ningekuwa wewe, ningekata simu.

Mkewe: Nilitaka kukata. Pale kwenye twiga.

Kinyozi: Hukukata.

Mkewe: Sikukata. [kwikwi]

Kinyozi: Usianze, wewe. Shemeji yuko hapa, ukianza ataleta sanduku zima. Salio langu linakwenda, simu imeshalia mlio wake.

Mkewe: Basi sikiliza upesi. Kuanzia leo, ukiniambia imeshuka, sikuulizi swali hata moja. Nakuletea chochote utakachotaja. Naapa.

Kinyozi: Usiape hivyo, mke wangu.

Mkewe: Kwa nini?

Kinyozi: Najijua. Nitaanza kesho. Tena kwa keki yako ile ya choko—

Mkewe: Haloo? Keki gani? Baba? Haloo! ... Imekatika. ... Mzee, samahani kwa kukuweka. Hapana, si machozi, ni krimu. Hebu niambie jina lako tena, niandike.